Macho Mekundu na Siri ya Moyo

Mwili wa binadamu hubadilika kabla mwenyewe hajaamua lolote. Hofu, hasira au aibu ikimpata, ubongo huamsha neva na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, viganja hulowa jasho na mate hukauka. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko hayo kuwa ni matayarisho ya kupigana au kukimbia. Swali la kifalsafa ni kama yanatosha kumjulisha mtazamaji kilichomo moyoni.

Jamii nyingi ziliamini kuwa yanatosha. Pwani ya Afrika Mashariki kulikuwa na kiapo cha kumeza mkate au mchele uliosomewa. Aliyekwamwa kooni alihesabiwa mwongo. Mashine ya kupima uongo iliyoundwa na John Larson huko Berkeley mwaka 1921 ilifuata mantiki ileile kwa kupima pumzi na shinikizo la damu. Kasoro ya njia zote mbili ni moja: asiye na hatia anayeogopa kuonewa hukaukwa mate sawa na mwenye hatia, na mwongo aliyezoea uongo hupita salama. Kinachopimwa ni wasiwasi, na wasiwasi una sababu nyingi.

Mfano mzito zaidi uko Usukuma, katika vijiji vya Mwanza na Shinyanga, ambako kwa miongo mingi macho mekundu ya bibi kizee yalichukuliwa kuwa alama ya balogi, yaani wachawi. Hapo hata hisia haikuwepo. Palipokosekana kuni, wanawake walipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa pamoja na mabua, na moshi wake uliwaunguza macho maisha yao yote. Ugonjwa ukimpata mtoto au ng'ombe wakifa, jirani alitafuta wa kulaumiwa, na wekundu ule ukageuka hukumu. Kumbukumbu alizochambua mtafiti Simeon Mesaki zinaonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na Usukuma ndiko vifo vilikozidi.

Kosa la msingi katika mifano yote ni kuchanganya dalili na ushahidi. Dalili huonyesha kwamba kuna jambo. Haisemi ni jambo gani. Jicho jekundu linaweza kutokana na moshi, vikope, kilio au kukosa usingizi, na anayelitazama ndiye anayelitilia maana, mara nyingi ile aliyokuja nayo. Ushahidi hutolewa na mtu anayeweza kuulizwa, kupingwa na kujieleza. Ndiyo maana hakimu anaruhusiwa kuandika jinsi shahidi alivyoonekana kizimbani, lakini shahidi huyo lazima ahojiwe pia.

Uislamu na Ukristo, dini zenye waumini wengi kandokando ya Ziwa Victoria, hufundisha kwamba yaliyomo moyoni yanajulikana kwa Mungu peke yake. Fundisho hilo humwekea binadamu mpaka: akiona jirani anatetemeka au macho yamemwiva, alichokijua ni hali ya mwili tu. Sababu yake hana budi kuiuliza, na anayeulizwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.