Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa sana jikoni, kwa sauti ya chini, mgeni akishakaa na unga ukaanza kuonyesha sakafu ya debe. Aliyesikia anaelewa kwamba mtu amechosha. Tumeifanya kuwa methali ya kumfukuzia mgeni, na naona tumeidhulumu, kwa sababu tumelipita neno lake zito kuliko yote: mpe.

Anayeamrishwa hapa ni mwenyeji. Tena jembe halitolewi peke yake. Ukimkabidhi mtu jembe alfajiri, sharti umwonyeshe pa kulima, umwambie mpaka uko wapi na tuta gani liliachwa jana. Akishapalilia pamoja nawe, utamnyimaje mavuno? Na si kila jembe ni sawa. Lililo zuri nyumbani ni lile ambalo mpini wake umelainishwa na viganja vya mwenye nyumba, na bapa limelika upande mmoja kwa namna anavyolima yeye. Kumpa mgeni hilo, wewe ukabaki na linalocheza mpinini, ni kazi kuliko kumchinjia kuku. Kuku huliwa usiku mmoja akaisha.

Dini zetu zinaifahamu siku hiyo ya tatu. Hadithi ya Mtume imeuwekea ukarimu wa mgeni siku tatu. Kinachozidi ni sadaka. Muhajirina walipofika Madina wakiwa wameacha mali zao Makka, Saad bin Rabii, mwenyeji wa Madina, alitaka kumgawia Abdurrahman bin Auf, mmoja wa wahamiaji hao, nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaanza na samli na jibini. Mgeni mwenye heshima zake huliulizia jembe mwenyewe, akikuta wenyeji walio tayari kumwonyesha njia.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24, inataka kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Naitaja kwa uchungu. Wapo hapa Tanzania wanaowalimisha vibarua Warundi msimu mzima, halafu siku ya malipo wanawatishia kuwaitia maofisa wa uhamiaji. Jembe la namna hiyo ni kongwa.

Lakini Tanzania imewahi kuitimiza methali hii kwa ukamilifu ambao natamani watoto wetu wafundishwe. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa kwenye makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wakakatiwa mashamba kwenye miombo. Wakafyeka. Wakalima mahindi, maharage na muhogo, na tumbaku ya kuuza, hadi wakajilisha wenyewe na ziada ikaenda kwa majirani. Ilichukua miaka zaidi ya 40 kutoka jembe hadi karatasi, lakini ilifika: kuanzia 2014 watu zaidi ya 160,000, hao na watoto wao, walikabidhiwa vyeti vya uraia.

Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi Wakongo. Huko sheria ni nyingine: mkimbizi hatoki bila kibali, na kazi ya nje ya kambi imefungwa kwake. Hoja za usalama na za ardhi nazijua, na sizibezi. Kijiji kinachopakana na kambi hukosa kuni na maji kweli. Hata hivyo, mgao wa unga na maharage ni chakula cha siku mbili za kwanza, hata kikigawiwa kwa miaka 20. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka kambi ilipofunguliwa sasa ni mtu mzima. Anazungumza Kiswahili cha Kigoma, ana wanawe, ana nguvu za kulima ekari nzima, na siku ya mgao ikifika anapanga foleni na kadi yake mkononi.