Jumatano: Bei ya Shamba, Bei ya Sarafu

Soma Mathayo 22:15–22. Kwa nini Yesu aliomba aonyeshwe sarafu kabla ya kujibu swali la kodi?

______________________________________________

Mafarisayo na Maherodi walidhani wamemtega Yesu pande zote. Akisema kodi ilipwe, watu watamchukia. Akisema isilipwe, Warumi watamkamata. Yesu akaomba sarafu, nao wakamletea dinari. Wataalamu wengi huona kwamba ilikuwa dinari ya Tiberio, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 B.K. Upande mmoja ilikuwa na kichwa chake, pamoja na maandishi yaliyomtaja kuwa mwana wa Augusto wa kimungu.

Dinari za namna hiyo zipo hata leo. Wakusanyaji wa sarafu za kale huzinunua na kuziuza kwenye minada. Hivyo mtu anaweza kuuza sarafu inayofanana na ile aliyoonyeshwa Yesu, na papo hapo akakutana na swali lile lile: Je, kilicho cha Kaisari hapa ni kiasi gani?

Nchini Marekani sheria inalijibu. Mtu akikaa na sarafu ya mkusanyaji kwa zaidi ya mwaka mmoja kisha akaiuza, faida yake hutozwa kodi kwa kiwango kisichozidi asilimia 28. Kinachotozwa ni faida, si bei yote. Tuseme sarafu ilinunuliwa kwa dola 2,000, ikauzwa mnadani kwa dola 9,000, na kampuni ya mnada ikakata kamisheni ya dola 900. Faida ni dola 6,100. Aliyeirithi kwa kawaida huhesabu kuanzia thamani ya sarafu siku mwenyewe alipofariki. Aliyepewa zawadi huhesabu kuanzia bei aliyolipa mtoaji.

Jaribu liko mahali pengine. Si kila mauzo ya mnadani hutolewa taarifa kwa serikali. Muuzaji anaweza kupokea hundi yake na asitumiwe fomu yoyote ya kodi. Hata hivyo, sheria inamtaka aiandike faida hiyo mwenyewe, katika Fomu 8949 na Jedwali D. Usiku, karatasi zikiwa mezani, moyo huanza kunong'ona: Nani atajua? Na ikiwa risiti ya zamani imepotea, nani atakataa ikiandikwa kwamba sarafu ilinunuliwa kwa dola 8,000?

Soma Matendo 5:1–11. Kosa la Anania na Safira lilikuwa nini hasa?

______________________________________________

Shamba lilikuwa mali yao, na Petro alikiri hivyo. Hakuna aliyewalazimisha kuliuza, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwao. Kosa lao lilikuwa kwenye bei. Fedha walizopokea kwa mnunuzi hazikuwa zile walizosema mbele ya mitume. Safira alipoingia, Petro alimwuliza jambo moja tu: Je, mliuza kwa kiasi hiki? Angeweza bado kusema kweli. Yao ilikuwa sadaka, wala haikuwa kodi. Lakini uongo juu ya bei ni uongo ule ule, na Petro alionyesha kwamba aliyedanganywa ni Mungu.

Uaminifu huo haumdai Mkristo alipe zaidi ya anachodaiwa. Kuondoa kamisheni ya mnada, au kutumia thamani ya siku ya urithi, ni haki ambayo sheria yenyewe inatoa. Anayeitumia hamwibii mtu. Risiti ikipotea, kuna kazi ya kufanya: kutafuta hundi za zamani, barua za muuzaji, au orodha za minada ya miaka ile, na kumwuliza mtaalamu wa kodi. Asiyeweza kuthibitisha bei aliyonunulia ni afadhali alipe zaidi kuliko kubuni tarakimu.

Na yule anayekumbuka mauzo ya miaka iliyopita ambayo hakuyaandika? Zakayo alisimama mbele ya Bwana, akaahidi kurudisha (Luka 19:8). Njia ya kurekebisha ipo hata leo: nchini Marekani, Fomu 1040-X hutumika kusahihisha hesabu iliyokwisha kupelekwa. Kurekebisha kunaweza kugharimu kodi, riba, na pengine faini. Lakini wokovu ulipoingia nyumbani mwa Zakayo, mkoba wake nao uliguswa.

Dinari ilikuwa na sura ya Kaisari, hivyo ikarudi kwa Kaisari. Mwanadamu aliumbwa kwa sura ya Mungu (Mwanzo 1:26, 27). Mtu anapoficha faida ya dola 6,100, serikali hupoteza sehemu ndogo ya fedha hizo. Yeye mwenyewe hutoa kitu ambacho hakikuwa cha Kaisari wala chake: dhamiri iliyo mali ya Muumba. Mbele ya macho ya Mungu hakuna mnada wa siri (Waebrania 4:13).

Huenda huna sarafu ya kale, lakini una kiwanja, ng'ombe au pikipiki ya kuuza. Je, bei inayoandikwa kwenye mkataba ndiyo bei iliyolipwa? Kama Petro angekuuliza leo, “Mliuza kwa kiasi hiki?” ungejibu nini?

______________________________________________