Je, Mpenzi Aweza Kuwa Tabibu?



Lipo jambo ambalo wazazi hulinong'ona baada ya ibada, na ambalo vijana hawalitaji kabisa mbele yetu. Ni urafiki wa mvulana na msichana ambao mmoja wao, au wote wawili, wana maumivu ya akili. Tumeona vema tulizungumze hapa waziwazi, si kwa kumlaumu mtu, bali kwa kulitafakari swali moja: kijana ampendaye mwenzake aliye mgonjwa wa akili ana wajibu gani kwake, na wajibu huo unakoma wapi?

Tuchukue mfano. Si habari ya watu fulani. Tumeuunganisha kutokana na mambo ambayo mwalimu yeyote aliyekaa na vijana ameyaona. Mvulana wa kidato cha nne hapa Mwanza amebadilika tangu mwaka jana. Halali usiku, hali vizuri, amejitenga na wenzake, na masomo yanamshinda ingawa zamani alikuwa wa mbele. Nyumbani wanasema ni uvivu. Msichana wa kidato cha tatu ndiye pekee amsikilizaye. Naye ana lake: baba yake yuko dagoni visiwani, mama yake hushinda Mwaloni Kirumba akiuza dagaa, na tangu utotoni amejiona mtu asiyetakiwa na yeyote. Wamependana. Usiku huandikiana kwa simu mpaka jogoo wa kwanza. Siku moja mvulana anaandika kwamba amechoka kuishi, na kwamba asimwambie mtu. Tena, akimwacha, hatakuwa na sababu ya kuendelea kuwapo. Msichana anaahidi kunyamaza.

Je, amefanya vema? Kabla ya kujibu, yafaa tuyaondoe majibu mawili ya haraka.

La kwanza ni la wale wasemao kwamba mwenye ugonjwa wa akili hana haki ya kupenda wala kupendwa. Hao ndio walitamkao jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, kana kwamba ni tusi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 42 lina 6 wa namna hiyo. Hao si watu wa mbali. Ni watoto wetu. Sonona ni ugonjwa, na mtu hapotezi utu wake kwa kuugua. Tena mara nyingi aonaye kwanza kwamba kijana anaumwa si baba wala mwalimu, ni yule rafiki. Tukikata urafiki huo kwa fimbo, twaweza kukata kamba pekee iliyobaki.

Jibu la pili ni tamu zaidi, na kwa hiyo ni la hatari zaidi: kwamba mapenzi yenyewe ndiyo dawa. Hapa tumsikilize Mtume Paulo. Katika sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia anatuagiza tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu ana furushi lake la kubeba. Wengine hudhani anajipinga. Lakini mama achotaye maji ziwani haoni kupingana hata kidogo. Ndoo ya lita 20 ikijaa, ni kazi ngumu kujitwika peke yake. Humwomba mwenzake amsaidie kuiinua mpaka ikae juu ya ngata. Baada ya hapo hutembea mwenyewe. Akifika nyumbani, mwingine humtua. Kutwishwa ni msaada, kutuliwa ni msaada, lakini shingo ni yake na njia ni yake. Tena kuna jambo jingine: aliye na ndoo kichwani hawezi kuinama amtwishe mwenziwe. Akijaribu, humwagika zote mbili.

Huyo msichana wa mfano wetu ana ndoo kichwani. Hajapata kujiona kuwa ana thamani, na sasa ameipata thamani hiyo katika kuhitajiwa. Tuitazame hatari iliyojificha humo. Anayeishi kwa kuhitajiwa aweza, bila kujua, kuogopa siku ambayo mwenzake atapona. Na mvulana naye aweza kujifunza, bila hila yoyote, kwamba ugonjwa wake ndio unaomzuia msichana asiondoke. Hivyo kila mmoja anashikilia jeraha la mwenzake. Hatusemi kwamba hawapendani. Twasema kwamba wamepeana kazi ambayo kijana wa miaka 16 hawezi kuifanya, na ambayo hata daktari haifanyi peke yake.

Sasa turudi kwenye ahadi. Sisi walimu tulifundisha miaka mingi kwamba ahadi ni deni, na hatuyafuti maneno hayo. Lakini deni hulipwa kwa faida ya anayedai. Mtu akikukabidhi panga lake umtunzie, kisha akaja usiku amepagawa na hasira akilidai, humrudishii, ingawa panga ni lake na uliahidi. Ahadi iliyotolewa kwa ajili ya kumlinda mtu haiwezi kutimizwa kwa kumwangamiza. Kwa hiyo msichana yule hafungwi na kimya chake. Anaruhusiwa kusema, na zaidi ya kuruhusiwa, anapaswa kusema, leo hii, kwa mtu mzima anayemwamini.

Kijana atatuuliza: “Je, akiniona nimemsaliti?” Huenda akakuona hivyo. Hatutamdanganya kijana kwamba kusema ukweli hakuna gharama. Huenda urafiki wenyewe ukavunjika. Lakini aliyekasirika aweza kupatanishwa, ilhali aliyekufa hapatanishwi. Na lile neno la “ukiniacha nitakufa”, lisidharauliwe kamwe, wala lisikubaliwe kuwa mnyororo. Hakuna mtu awezaye kuwekwa rehani kwa ajili ya uhai wa mwingine. Kumpenda mtu ni kutaka aishi hata kama hataishi nawe.

Tukiishia hapo, tutakuwa tumewatwisha vijana mzigo wote na sisi wazee tumekaa kivulini. Hebu tujiulize: msichana yule akimwendea mtu mzima, atakutana na nini? Akipigwa kwa kuwa na mpenzi, kesho atanyamaza, na kosa litakuwa letu. Sheria nayo ilituzoesha kuficha, maana Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kutoka ukoloni ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Wengine watasema, basi waozeshwe, yaishe. Ndoa haiponyi sonona. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, lakini Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Tutazame jirani zetu wa Zimbabwe. Tangu mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kukaa katika benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wale si wataalamu wakubwa. Ni wazee waliokubali kufundishwa na kufunga midomo yao. Bibi wa namna hiyo tunao wengi mtaani.

Basi mambo haya hayatushindi. Kwanza, kijana akisema amechoka kuishi, tusimcheke, tusimhubirie, na tusimwache peke yake. Tumwulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Pili, dawa za pamba na vidonge vilivyomo nyumbani vifungiwe mbali naye. Tatu, apelekwe hospitali siku ile ile. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili. Maombi na matibabu havigombani. Nne, tusimsahau yule msichana aliyeleta habari. Naye atuliwe ndoo yake. Mtu amwambie kwamba alikuwa na thamani kabla hajahitajiwa na yeyote.

Nanyi vijana, hatuwakatazi kupendana kwa upole na heshima. Twawaomba jambo moja: mpenzi wako akilemewa, usijifanye hospitali. Piga yowe, wenye nguvu waje wakusaidie kuinua.