Rangi, Jina na Dhati ya Spishi

Chromodoris africana ni konokono wa bahari asiye na gamba, aishiye kwenye miamba ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Mgongo wake una milia myeusi na myeupe, umezungukwa na ukingo wa njano au wa rangi ya chungwa. Alipewa jina hilo mwaka 1904 na Charles Eliot, mtafiti wa konokono aliyekuwa pia Kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki. Jamaa yake wa Bahari ya Shamu, Chromodoris quadricolor, anakaribiana naye sana kwa sura. Kuwatenganisha viumbe kama hawa kunaibua swali la kale la falsafa: ni kipi kinachomfanya kiumbe awe wa aina yake?

Rangi haitoshi kujibu. Ndani ya spishi moja milia hukatika au kuungana, na upana wa ukingo hutofautiana. Tena konokono hawa hula sifongo, na wengi huhifadhi mwilini sumu itokayo humo. Rangi kali huwaonya samaki. Spishi kadhaa za mahali pamoja zikivaa milia ileile, samaki hujifunza mara moja na zote hupata kinga. Mwaka 2018 Kara Layton na wenzake walichunguza vinasaba vya jenasi ya Chromodoris na kuonyesha kwamba spishi moja huweza kuwa na sura kadhaa, na spishi mbalimbali zikashirikiana sura moja.

Wafuasi wa Aristotle hutofautisha dhati ya kitu, yaani kile kinachokifanya kiwe cha aina yake, na sifa zake za kupita. Kwa mtazamo huo rangi ni sifa ya kupita, na dhati itafutwe ndani zaidi: katika meno, viungo vya uzazi au vinasaba. Lakini hata huko kuna tofauti kati ya konokono mmoja na mwingine wa spishi ileile, na mabadiliko hayakomi kizazi hadi kizazi. Dhati isiyobadilika haijapatikana.

John Locke, katika karne ya 17, alishika njia nyingine: mipaka ya aina huwekwa na akili ya binadamu, inayokusanya sifa zinazoonekana na kuzipa jina. Hoja hii inaeleza vizuri kwa nini wataalamu hubishana. Hata hivyo, kama spishi ingekuwa orodha ya sifa tu, kila konokono anayetimiza orodha angekuwa wa spishi hiyo, na kukosea kusingewezekana. Ilhali watafiti hukosea, na wanaowasahihisha ni konokono wenyewe. Penye kosa la kweli pana jambo lililopo nje ya jina.

Jambo hilo lilielezwa mwaka 1974 na Michael Ghiselin, mwanabiolojia aliyechunguza konokono wa bahari wa kundi hilihili. Kwake, spishi ni kitu kimoja chenye historia: huanza, hubadilika, na huweza kutoweka. Kila konokono ni sehemu yake kwa nasaba, kama mtu alivyo wa ukoo wake hata asipofanana na nduguze. Kwa hiyo vinasaba navyo havichukui nafasi ya dhati. Vinashuhudia uzawa, kwa uzito kuliko rangi.

Kutambua spishi, basi, ni kutoa hukumu juu ya nasaba kwa kupima ushahidi. Milia huhesabiwa pamoja na ukingo, rangi ya pembe za kunusia na ya matamvua, mahali konokono alipopatikana, sifongo anayemla, na vinasaba vinapopatikana. Ushahidi ukiishia kwenye jenasi, jina la jenasi ndilo jibu sahihi. Kuongeza jina la spishi hapo ni kudai ujuzi ambao bado haujapatikana, na mnyama huyo anastahili kuelezwa kwa ukweli.