Ogam Alifunga, Sisi Tukaona Kofia

Jumapili ya 10 Agosti 2025, Harambee Stars walikuwa na miadi na Morocco pale Kasarani, katika mashindano ya soka ya CHAN ambayo Kenya iliyaandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Huku kwetu Mutuini, aliyekosa tiketi alikuwa na pa kukimbilia: ukumbi wa mabati wa kijana mmoja jirani, kiingilio shilingi 50. Mlangoni palibandikwa karatasi: SKRINI KUBWA KULIKO ZOTE DAGORETTI.

Huenda hakudanganya. Majuma mawili kabla, alikuwa ameshuka barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, na pesa mfukoni. Muuzaji akamwuliza swali moja tu: "Boss, ukumbi wako una urefu gani?" Kijana akaona anadharauliwa. Akanunua skrini ya inchi 200.

Inchi hizo hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Skrini ya inchi 200, kwa umbo la televisheni za siku hizi, ina upana wa karibu mita 4.4 na kimo cha mita 2.5. Kuta za ukumbi zilikuwa na kimo cha mita 2.7. Ukingo wa chini ukakaribia sakafu, na sisi wa safu za nyuma tukabaki kutazama visogo.

Ukubwa huo ukazaa shida nyingine. Kila projekta ina uwiano wake wa umbali na upana wa picha. Ya kijana ilikuwa 1.5, yaani kila mita ya upana hudai mita moja na nusu ya umbali. Mita 4.4 zikadai mita 6.6, na ukumbi mzima ulikuwa mita 7. Projekta ikasukumwa hadi ukuta wa nyuma, kando ya mlango, juu ya meza, pua ikiinuliwa kwa vitabu viwili. Ikiinuliwa hivyo, picha hutanuka juu na kubana chini. Kijana akainyoosha kwa kitufe cha kurekebisha, lakini kitufe hicho husawazisha picha kwa kuipunguza, na ukali wake hupungua pia. Majina ya wachezaji hayakusomeka.

Kisha lile jua la saa tisa, likipenya madirisha ya magharibi. Mwanga wa projekta ni kama pakiti moja ya maziwa: upike chai ya watu wanne au ya kumi na sita, pakiti ni ile ile. Ukizidisha upana wa picha mara mbili, eneo huwa mara nne, na kila sehemu hupata robo ya mwanga. Wachezaji wetu wakawa vivuli juu ya nyasi za rangi ya majivu.

Dakika ya 42, bucha ya jirani, yenye televisheni ndogo ukutani, ililipuka kwa shangwe. Kwetu, mtu aliyechelewa alikuwa anaingia mlangoni, mbele ya projekta. Ryan Ogam alifunga. Sisi tukaona kofia yenye upana wa mita mbili. Kufikia mapumziko, nusu ya watu walikuwa bucha, na waliobaki wanadai pesa zao. Kenya ilishinda 1-0 ikiwa na wachezaji kumi uwanjani.

Jioni, mama anayekodisha hema na viti mtaani alikuja kuchukua viti vyake.

"Projekta ndiyo imeniangusha, mama," kijana akasema. "Nitatafuta yenye nguvu zaidi."

"Kijana wangu, mtu akitaka hema langu, kwanza naenda kuona uwanja. Wewe ulianza na hema. Leta tepu."

Wakapima. Mtu wa mwisho alikuwa mita 7 kutoka ukutani, na kanuni ya mafundi ni kwamba asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha. Kimo cha mita 1.25 kilimtosha. Hiyo ni inchi 100: upana wa mita 2.2, umbali wa mita 3.3. Ukuta ukapakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Ukingo wa chini wa picha ukawekwa mita 1.2 kutoka sakafuni, ili vichwa vya walioketi visiuzibe. Projekta ikafungwa kichwa chini kwenye boriti, ikaachiwa nafasi ya kutoa joto lake, na mwanga ukapita juu ya kila kofia.

Tarehe 17, Stars walipokutana na Zambia, ukumbi ulijaa. Ogam alifunga tena, na safari hii tuliona mpira ukiingia wavuni. Projekta ilikuwa ile ile.

Wakati wa kutoka nikageuka kuangalia madirisha ya magharibi, ambayo hayakupitisha hata mshale wa jua. Yalikuwa yamezibwa kwa kitambaa kizito chenye mgongo mweusi, upana wa mita 4.4. Skrini ya inchi 200 ilikuwa imepata kazi inayolingana na ukubwa wake.