Wendelin Hakuungua

Kurasa za kwanza za *Harry Potter and the Prisoner of Azkaban*, kile cha tatu, kilichotoka 1999, Harry yuko chini ya blanketi usiku na tochi yake, anaandika insha ya likizo. Anatakiwa aeleze kwa nini kuchoma wachawi katika karne ya 14 kulikuwa kazi bure. Kitabu chake cha historia kinampa jibu: moto haukumdhuru mchawi wa kweli. Aliupoza kwa uganga mdogo tu, kisha akajifanya anapiga mayowe, kumbe anasikia kama anatekenywa. Mmoja wao, Wendelin, aliupenda mchezo huo hadi akaacha akamatwe mara 47.

Ni mzaha, najua. Lakini mimi ni wa Nyamira, na mzaha huo haukushuka.

Kwa asiyejua: Mei 2008, upande wa Kisii, umati uliwachoma watu 11, wengi wao wanawake, ukiwaita abarogi, yaani wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, nao pia wakachomwa. Hayo ni yale yaliyofika kwenye habari. Huku kwetu bibi mjane, macho mekundu kwa miaka ya kupikia kuni, mwenye kishamba ambacho kuna mtu anakimezea mate, ana kila sababu ya kukosa usingizi mtoto wa jirani akiugua ghafla. Hakuna anayetekenywa.

Nilipomwambia rafiki yangu, alicheka. “Wacha wewe, hiyo ni stori ya watoto. Mwandishi ni Mwingereza, Marani ataijulia wapi?” Sawa, Marani hapana. Ila J. K. Rowling aliandikia sehemu kubwa ya vitabu vyake vya mwanzo mjini Edinburgh, na pale karibu na ngome ya mji huo kuna kisima kidogo cha ukutani, kilichowekwa 1894, kuwakumbuka waliouawa hapo kama wachawi. Scotland ilishtaki karibu watu 4,000 kwa kosa hilo, na Machi 2022 kiongozi wa serikali yao, Nicola Sturgeon, akawaomba msamaha rasmi, watu waliokufa karne nyingi nyuma. Kwa hivyo tusiseme ni sisi wa kijijini tunaojitafutia machungu.

Hata hivyo, kinachonikera hasa si umbali. Isome ile sehemu tena polepole. Inasema watu wa kawaida hawakuwa hodari wa kumtambua mchawi, na ni mara chache sana walimpata wa kweli. Haya, wale wengine walikuwa nani? Walikuwa majirani tu, wasio na uganga wowote wa kupoza moto. Hao waliungua. Kitabu kinawapitia kwa nusu sentensi, mbio mbio, kimfikie Wendelin tupate kucheka.

Na hapa ndipo naumia kama msomaji aliyekipenda, maana kitabu hiki kilikuwa na kitu ambacho sisi hatuna. Wakati wa matanga ya mtu aliyeuawa hivyo, utetezi huwa mmoja: “Mama huyu hakuwa omorogi, walimsingizia.” Ni kweli, na lazima isemwe. Lakini sikiliza kinachobaki chini yake: je, angekuwa omorogi kweli, tungewapa kiberiti? Sijawahi kumsikia mtu akisimama kwenye matanga kuuliza hivyo. Pasta hathubutu, chifu hathubutu. Rowling alithubutu. Alichukua mchawi, yule halisi mwenye fimbo na dawa inayochemka sufuriani, akampa kazi ya shule, marafiki, na shangazi mkali anayemlaza kwenye kabati chini ya ngazi, mpaka wewe msomaji ukaona ni upuuzi mtu kuogopwa kwa jinsi alivyozaliwa. Zaidi ya nakala milioni 500 za mfululizo huo zimeuzwa. Halafu walipofika motoni, pale hasa ambapo wazo hilo lingekuwa na kazi, akachagua kutuambia hawakuumia.

Rafiki yangu anasema riwaya haina deni kwa mtu. Mimi nakubali nusu. Ukibuni zimwi lako, lilishe unachotaka, sitakudai. Lakini kifo cha kuazima, kile chenye makaburi na wajukuu, kina wenyewe. Unaweza hata kukichekea. Walevi wa chang'aa kwetu huchekea mambo mazito kuliko hayo, na wakati mwingine husema ukweli kuliko padri. Ila mlevi huyo hatakwambia marehemu alikuwa anafurahia.

Watu huniuliza kama basi nimeacha kuvisoma. Bado ninavyo vyote saba, vya inama, nilivyonunua kimoja kimoja kando ya barabara Nairobi, viwili havina jalada. Mpwa wangu wa Nyansiongo anaazima sasa. Amemaliza cha pili wiki jana na anataka nimtumie cha tatu kwa matatu ya Ijumaa. Nitakituma. Pale kwenye ukurasa wa Wendelin nimeandika kwa penseli, pembeni: *Na wale wengine?*