Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 12: Nadhiri inapokuwa nzito



Leo tuzungumze juu ya nadhiri. Wengi wetu tunazo, na baadhi tumezinyamazia.

Chukua mifano miwili ya huku kwetu. Mkulima wa kahawa hapa Mbinga amesema, "Nikivuna vizuri mwaka huu, nitachinja mbuzi wawili kwa ajili ya Allah, niwape maskini." Kavuna, malipo yameingia, kanunua pikipiki, kaezeka nyumba. Ukimkumbusha wale mbuzi: "Hali ngumu, sheikh."

Wa pili ni mvuvi wa Mbamba Bay. Upepo umemkuta usiku ziwani, mtumbwi unaingia maji, akasema, "Ya Rabbi, nikifika nchi kavu nitafunga kila Jumatatu na Alhamisi maisha yangu yote." Akafika. Akafunga miaka mingi. Sasa ana kisukari, daktari amemkataza kufunga, naye anajiona mdeni aliyekimbia.

Wote wawili wanasema "imekuwa ngumu". Je, ugumu wao ni mmoja?

Mtume (S.A.W.) hakutuhimiza kuweka nadhiri. Alifundisha kwamba haibadilishi kadari, bali humtoa bakhili kile ambacho asingekitoa. Lakini ukishaiweka katika jambo la utiifu, ni deni. Katika Surat Al-Insan, aya ya 7, Allah anawasifu waja wema kwa kutimiza nadhiri zao. Hakuna aliyekulazimisha; maneno uliyachagua mwenyewe.

Mkulima wetu hajashindwa. Amewaweka maskini mwisho wa foleni. Ajiulize: deni hili lingekuwa la mtu anayenigongea mlango kila asubuhi, ningekosa cha kumlipa? Na kama kweli hana kitu, na hakutaja muda, asubiri msimu ujao, ila aliandike kama anavyoandika deni la dukani.

Mvuvi je? Anas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mzee anakwenda huku ameshikiliwa na wanawe wawili, kwa kuwa aliweka nadhiri ya kutembea kwa miguu. Akasema Allah hana haja na mtu huyu kujitesa, akamwamuru apande mnyama. Na Abu Israil aliweka nadhiri ya kufunga huku amesimama juani, asikae wala asiseme. Akaamriwa aseme, akae, aingie kivulini, na aikamilishe saumu yake. Tazameni: hakufutiwa yote. Mateso yaliondolewa, ibada ikabaki.

Basi mvuvi asijiangamize, na asijione msaliti. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba mwenye nadhiri asiyoiweza, kafara yake ni ya kiapo. Kafara hiyo imetajwa katika Surat Al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyepata afunge siku 3. Wanazuoni wana maelezo zaidi kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kwa hiyo aulize, asijihukumu peke yake.

Ruhusa imewekwa kwa aliyeshindwa. Asiyetaka asijifiche nyuma ya mgonjwa.

Ndugu yangu, dada yangu, kama una nadhiri ya zamani, itaje leo moyoni kwa jina lake. Unayoiweza, anza kuilipa ndani ya mwezi huu. Usiyoiweza, tuonane baada ya Tarawehe tuitazame pamoja. Na ukiwa na shida mpya, omba dua na utoe sadaka. Huna haja ya kumwekea Allah sharti.

Allah atuwezeshe kutimiza tuliyoyaahidi na atusamehe tuliyoshindwa. Amin.